Njia Arobaini na Saba

Kazi moja, mistari mia sita na kumi na miwili,
imelala ndani ya mashine ya ofisi ya maji, Langoni,
na jina aliloipa Twalib Famau ni "hesabu" tu,
kama mtu aliyemwita mwanawe "Mtoto".

Niliweka kipimo kipitie faili zote, moja moja.
Kipimo hakina haya. Nyingi ziliitikia mbili, tatu, tano;
hii ikasema: njia arobaini na saba.
Yaani ukiingia na mita ya mtu mmoja
waweza kutokea mahali arobaini na saba.
Na mimi nimelelewa Mkomani, vichochoro navijua,
najua pa kujibanza punda wa mchanga akipita,
lakini humu nilipotea mchana kweupe.

Sikiliza:
kama ni msikiti, punguza nusu,
ila kama msikiti una kisima, usipunguze,
ila kama kisima kimeingia chumvi, rudisha nusu,
ila kama ni mwezi wa Maulidi na wageni wamejaa,
kama ni nyumba ya kupangisha, kama mwenyewe yuko Ulaya,
kama mlinzi ndiye anayelipa, kama mita imekwama,
kama imekwama kwa kutu au imekwamishwa kwa kijiti,
"kama" ndani ya "kama" ndani ya "kama",
pambizo ikisogea kulia, kulia,
hadi maneno yakaangukia nje ya kioo.

Mwaka jana Bi Mwanajabu aliletewa ankara ya laki na elfu nne.
Ana ndoo mbili na paka.
Alikuja, akaiweka juu ya meza yangu, akakaa.
Hakusema neno mpaka adhuhuri.
Ndiyo sababu nimeifungua. Si usafi.

Nilianza na majaribio: ankara mia tatu za zamani,
zile zilizolipwa bila ugomvi, ziwe mashahidi.
Kisha nikakata, taratibu,
kama atoaye mwiba wa samaki kooni mwa mtoto.
Msikiti nikautoa, nikaupa mahali pake na jina lake.
Mita iliyokwama, vivyo hivyo.
Wasiohusika nikawarudishia mlangoni, mstari wa kwanza:
kwa nini umtembeze mtu vyumba saba
ndipo umwambie si nyumba hii?
Kila nikikata, mashahidi huapa tena: kijani.
Arobaini na saba. Thelathini na moja. Kumi na tisa.

Nikafika hapa:
kama mita ni 0317, jibu ni sifuri.
Bila maelezo. Bila tarehe.
Nikasema, wizi. Nikasema, kwa shangazi yake.
Nikampigia Twalib; siku hizi ana duka la vipuri Mpeketoni.
"Hesabu?" akacheka. "Hata mimi nilikuwa nikiingia na tochi."
Nilipotaja namba, kicheko kikakoma.
"Kaitazame," akasema. Akaulizia hali ya mama, akakata.

Nikaenda, jua la saa saba.
Ukuta. Ukutani bomba, limeielekea njia.
Mtoto wa chuo ananawa wino vidoleni,
mchukuzi anakunywa kwa kiganja, punda wake angoja zamu.
Mlango wa nyumba umefungwa miaka; kufuli limeota kutu.
Bomba halina mwenyewe.
Au wenyewe ni wengi mno kwa mita moja.

Nikarudi. Nikaifuta namba. Nikaandika:

kama ni bomba la wote,
usidai.

Sasa kazi kubwa ina mistari kumi na minne,
na ukiisoma kwa sauti inasikika
kama mtu anayekuelekeza nyumba:
kata hapa,
pita msikiti,
uliza.

Imebaki moja, chini kabisa:
kama ankara imetoka Alhamisi, ongeza senti hamsini.
Twalib naye haikumbuki.
Nimeiwekea alama ya kuuliza,
nimeiacha.