Tarakimu Ishirini

Imekuja ndani ya boksi la sabuni, kutoka Mombasa,
na kwenye mkanda wake jina la kalamu: HILDA.
"Nani huyu?" nikauliza. Ukacheka, Mbaruku, mpaka ukakohoa.
Haya. Miaka thelathini na moja ya ndoa, Makorora hii hii,
leo naletewa mke mwenza, na mimi ndiye ninayemtandikia.

Nimemweka juu ya cherehani, upande wako wa kitanda.
Waya haufiki; nimeunga ekstensheni ya pasi.
Mpira wake nimeupitisha chini ya chandarua,
nikaubana kwa vibanio vya nguo, mbu wasipate mlango.
Maji yawe yaliyochemshwa yakapoa, alisema nesi wa Bombo,
nami nayatia kwa kijiko, kama anayenywesha kichanga.

Barakoa umeivaa juu chini. Tumeivua. Umeivaa tena.
Ndevu zinavujisha upepo; kesho utazipunguza, utake usitake.
"Nafanana na nini?"
"Na rubani," nikasema, nikageuza uso.

Hujui nilivyokuwa nikilala.
Watoto waliucheka mkoromo wako: lori la mkonge
limekwama kwenye tope la Muheza. Mimi mkoromo sikuuogopa.
Niliogopa pale unapokatika.
Moja. Mbili. Kifua kimesimama kama saa iliyokwisha ufunguo.
Tisa. Kumi. Mkono wangu tayari begani kwako.
Usiku mmoja nilifika ishirini na sita,
nikakupiga kofi, ukaamka ukilaani mbwa wa ndotoni.
Nikakwambia umelala vibaya, geuka.

Sasa bonyeza. Hapo, penye taa.
Hilda akavuta pumzi kabla yako.

Saa tisa usiku luku inalia ukutani kama kifaranga kilichopotea.
Uniti moja na nusu.
Nimeshuka pekupeku, nimenunua kwa simu, nimepanda juu ya ndoo:
tarakimu ishirini, moja moja,
kwa kidole kilichozoea kuhesabu.
Ya kumi na saba nikaikosea. Nikaanza upya,
sikio langu nimeliacha chumbani:
shhh, anakupa. Shhh, anangoja.

Imekubali.

Nimerudi, nimejilaza chali, jambo nisilolifanya tangu lini sijui.
Hilda, mke mwenzangu, shika zamu.
Moja, nikasema, kwa mazoea tu.
Mbili.
Ya tatu siikumbuki.