Kumi na Tisa na Ushei

Saa tisa usiku, Mabela.
Kipimo kinasema kumi na tisa.
Nanawa vidole, napima tena:
kumi na tisa na ushei.

Mama yuko mlangoni, kajitanda kanga.
"Umekula nini, Shufaa?"
Samaki, Mama. Na wali kikombe kimoja,
niliupima mbele yako.
Halua ya posa ya Thuwaiba bado ina utepe wake,
haijaonja kijiko.

Nahesabu kama karani aliyepotelewa na baisa mia:
sindano ilipinda?
dawa ilipikika garini, zile dakika kumi za benki,
jua la Agosti likitafuna dashibodi?
Mafua yananinyemelea? Hedhi? Mtihani wa kesho?
Kila mtuhumiwa ana shahidi wake.

Nafungua kalamu mpya. Nadunga.
Napima ketoni, nakunywa maji, nasubiri;
kuongeza dozi kwa hasira ni haramu yangu.
Kiyoyozi kinanguruma peke yake.

Adhana ya alfajiri: kumi na sita.
Saa mbili asubuhi: saba.
Ilipandia nini, sijui.
Imeshukia nini, sijui vilevile.

Mama hakuuliza tena.
Ameweka bilauri ya pili
juu ya duara la maji
lililoachwa na ile ya kwanza.