Futikamba

Futikamba yangu ni ya manjano, sentimita mia na hamsini.
Namba zimefifia kuanzia thelathini hadi arubaini,
pale gumba linapokaa nikipima mabega ya watu.
Nimeipimia kanzu za maharusi, sare za skuli,
buibui la eda, langu mwenyewe.
Siku ile nilipiga magoti vumbini
nikapima njia.

Kutoka ukingo wa pampu hadi ukuta wa jiko langu:
mara saba, na kiganja.
Nikarudia, maana chaki hudanganya.
Mara saba, na kiganja.

Kwenye ramani aliyonionesha sheha
palikuwa na mita thelathini
na mti uliochorwa kwa kalamu ya kijani.
Mti huo siujui.
Nikatafuta nyumba yangu. Palipokuwa nyumba yangu
pamekaa muhuri.
"Wataalamu wamepima," akasema.
Kwa nini?
"Kwa mashine."
Mashine haikupiga magoti, Sheha.

Sisemi mafuta yasije Chake.
Mwanangu Othmani anakula kwa bodaboda,
nami nakumbuka petroli ya chupa za maji
iliyouzwa mezani, jirani na maandazi.
Sheli ni neema.
Lakini hata ubani una chetezo chake,
hauwashwi juu ya godoro.

Msimu wa karafuu, Bi Mize alianika uani, majamvi manne.
Mpimaji akachota gao, akanusa,
akanusa tena, akamtazama usoni
kana kwamba yeye ndiye anayenuka.
"Mama, hizi zina petroli."
Daraja la chini.
Mize hakusema neno. Alirudi akayafua majamvi kwa sabuni,
akayafua siku tatu.

Kisha Ramadhani, kumi la pili.
Lori lilichelewa bandarini, likafika
dakika ishirini kabla ya magharibi.
Faki, kijana wa pampu, akapita mbio mlango kwa mlango:
Zimeni moto! Zimeni, tunashusha!
Nyumba kumi na moja.
Uji wangu ndiyo kwanza unatoa povu,
muhogo wa Mize mgumu katikati.
Tukayamwagia maji makaa, yakalia kama paka.
Adhana ikatukuta tumekaa vizingitini,
hakuna anayeongea,
kila mmoja anasikiliza kwa pua.

Faki amesimama penye mpira na ndoo ya mchanga,
hajafungua.
Nikampelekea kokwa tatu za tende.
Akazipokea bila kuuacha mpira kwa macho.
"Mama," akasema, "nimeanza kwa kuuzima wa kwetu."

Usiku ule hapakutokea kitu.
Ndilo jibu ninalopewa kila nikienda ofisini:
hapajatokea kitu.
Sawa. Na sindano iliyopotea godoroni
haijamchoma mtu,
mpaka mtu alale.

Mimi kanzu ya mtoto naikata na pindo la vidole vinne
kwa sababu Idi ijayo atakuwa mrefu.
Nguo isiyo akiba hupasuka kwapani
mtoto akiinua mikono kuomba dua.
Nani aliukata mji huu bila pindo?
Nani alidhani hatutazaa,
hatutaongeza chumba cha uani,
hatutapika?

Juzi wamekuja wawili, wamevaa kofia ngumu,
na kile chombo cha miguu mitatu.
Wakakizungusha, wakakipiga kofi. Betri imekwisha.
Mdogo wao akaniona barazani, shingoni nimeivaa.
Akaona haya kidogo.
"Mama, tuazime hiyo."

Nikashika mwanzo wake, penye kibati,
yeye akashika mwisho.
Tukaenda hivyo, tunainama na kuinuka,
watoto nyuma yetu wakihesabu kwa sauti,
Faki ameacha kuuza anatazama.

"Saba," akasema, akatoa kalamu.

Na kiganja, nikamwambia.
Andika na kiganja.