Mita Mbili na Nusu

Barua imefika. Muhuri wake wa bluu umekaa upande,
kama aliyeugonga alikuwa anaangalia saa ya chakula.
"Ombi lako limekubaliwa," imesema,
"kuegesha chombo kimoja cha magurudumu matatu
mbele ya nyumba, ndani ya hifadhi ya barabara,
mtaa wa Shela, Malindi."
Nimeirudia nikitafuta jina langu.
Nimeitwa Mwombaji.

Chombo ni tuktuk ya Shee, mwanangu,
ya mkopo, bado miezi kumi na minne.
Ilikuwa ikilala kituo cha mafuta, hadi siku moja
asubuhi betri haipo, na mlinzi
anaapa kwa mamake kwamba hakusinzia.
Nikasema: basi italala hapa, chini ya dirisha langu,
niisikie ikikohoa.

Wakaja kupima. Bi Kadzo wa kaunti,
viatu vya mpira, utepe wa njano mkononi,
na kijana wa kushika ncha ya pili.
Alianzia katikati ya lami, akaja, akaja,
akauruka mtaro, akayapita mawe yangu ya chokaa,
akaingia kwenye mwasumini, akatokea ng'ambo
na jani moja begani,
akasimama kwenye ukingo wa baraza.
"Hapa," akasema, "ndipo kwako panapoanzia."

Miaka kumi na tisa
nimefagia pale kabla kunguru hawajaamka.
Marehemu Bwanaadi aliupanda mwasumini ule
wiki tuliyohamia; kipando alipewa na dadake Mambrui,
akakileta ndani ya gunia lililoloa,
amekipakata garini kama mtoto wa watu.
Maua yake yamehudhuria harusi nisizoalikwa.
Nimefunga vikuba, nimegawa vikuba,
kumbe siku zote nachuma barabarani.

Sikubisha. Utabishana vipi na utepe?
Niliuliza tu: "Na mti huu, mwanangu, ni wa nani?"
Bi Kadzo akafunua karatasi zake, akafunua tena,
akasema fomu haina mahali pa mti.

Tangazo likabandikwa kwenye nguzo ya stima, siku kumi na nne,
mwenye pingamizi aandike.
Aliandika mmoja, Mzee Famau wa nyumba ya kona,
mstari mmoja, kwa kalamu nyekundu:
*Jeneza litapita wapi?*
Vijana wa kibandani walicheka hadi chai ikawapalia.
Mimi nilitoka usiku na leso yangu nikapima:
wabebaji wawili huku, wawili huku,
na wale wanaosukumana kutafuta thawabu.
Linapita. Likiinamishwa kidogo, linapita.

Barua ina masharti, nayo marefu kuliko ruhusa.
Nisimwage saruji. Nisiweke lango wala kivuli.
Ada nilipe kila Januari, risiti niihifadhi.
Na serikali ikiitaka barabara yake
itanipa siku thelathini.
Bwanaadi yeye hakupewa hata thelathini,
ila hilo si la kaunti.

Shee aliukata Jumamosi. Aliniomba niingie ndani, nikakataa,
nikashika matawi asije akajikata mkono.
Jumapili akachora mistari miwili ya rangi nyeupe,
mmoja umepinda, kaurithi muhuri.
Tuktuk ikaingia kinyumenyume, ikatoshea,
ikabaki nafasi ya ndoo.

Mzee Famau sasa akipita
hujibana ukutani, kanzu ameikusanya,
na njia nzima tupu ubavuni mwake.
Ananionyesha mimi. Namwamkia, anaitikia kwa pua.

Juzi, kati ya magurudumu ya nyuma,
nimeona kichipukizi, majani manne, mekundu kidogo.
Masharti nimeyasoma yote. Hayamtaji.
Tangu siku hiyo maji ya kuoshea mchele
siyamwagi tena mtaroni; nainama chini ya tuktuk,
mtu mzima na magoti yangu haya.
Shee ananiambia, "Mama, utaiozesha tairi."
Namwambia aniache,
namwagilia barabara.