Fimbo Nyuma ya Mlango

Siku ya kwanza nilisema ni jua.
Siku ya pili nikasema ni magego yanaota.
Siku ya tatu Kalunde akatapika uji wa ulezi
kwenye kanga ileile niliyorudi nayo msibani,
na Mhoja akaacha kusema lolote.

Zahanati ya Ng'ambo, kipimo kikatoa mstari mmoja.
"Si malaria," mhudumu akasema kwa furaha,
kana kwamba kukosa jina ndiyo kupona.

Usiku ule jasho likalowesha godoro.
Asubuhi akaamka wa baridi kama mtungi,
akadai karanga, akampiga kaka yake Nkwabi kwa mwiko.
Tukacheka. Tulicheka kweli.
Hatukujua kuna mgeni anayeaga
huku ameacha fimbo nyuma ya mlango.

Siku ya saba akarudi kuichukua.

Sasa naikumbuka Sikonge,
nyumba ya mama mkwe, matanga,
wanawake bega kwa bega mkekani,
watoto katikati kama viazi ndani ya jivu.
Sakafu ya udongo imepasuka mistari myembamba
kama kiganja cha aliyelima tumbaku miaka arobaini.
Humo ndimo anamokaa papasi,
amekunjamana, mbegu ya nyonyo iliyokosa mvua.
Hana haraka. Anaweza kufunga mwaka mzima.
Koroboi ikizimwa anatoka, anakunywa, anarudi zake,
na aliyenyonywa hata hajikuni.

Shangazi Misoji alituambia akijivuna:
"Papasi wa hapa sisi hawatuwezi,
tumezoeana nao tangu tumboni.
Wanaougua ni wageni."
Nami nilicheka, nikamsogezea chai.

Neno hilo linanitafuna kuliko homa.
Mtoto anabeba jina la bibi aliyeijenga nyumba ile,
aliyeikanda sakafu ile kwa miguu yake,
na bado sakafu ikamwonja damu, ikatema:
huyu wa saruji, simjui.

Mimi na Mhoja hatugombani. Tunaulizana tu.
"Ulimlaza wapi?"
"Kwenu."
"Na chandarua?"
"Chandarua huzuia kinachoruka."
Kisha kila mtu anageukia ukuta wake.

Mama mkwe amepiga simu jioni.
Mjukuu wangu hajambo?
Hajambo, mama.
Karanga zikikomaa mniletee, azichume mwenyewe.
Ndiyo, mama.
Nilikuwa nimeshika kitambaa kibichi mkono wa pili,
maji yakinitiririka hadi kiwikoni.

Usiku nammulika Nkwabi kwa tochi ya simu:
nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya vidole.
Kila kipele cha mbu nakihoji kama askari.
Anaamka, ananitazama, anauliza
kama nimepoteza kitu.

Kwenye kalenda ya chama cha msingi,
ile yenye picha ya marobota ya tumbaku,
Mhoja huchora duara jekundu kila joto linapopanda.
Maduara matatu, kisha nafasi, kisha mawili.
Zile nafasi tupu ndizo zinazonitisha.
Ndizo siku tulizokuwa tukiita kupona.

Kuna mama wa maabara pale Kitete,
miwani imefungwa kwa uzi,
amesema mleteni joto likiwa juu, siyo likishuka,
hapo ndipo hao wadudu huonekana damuni,
wamejisokota kama nywele iliyopitiwa na moto.
Dawa ipo, amesema. Kwanza tuwaone.

Basi tumekaa ukingoni mwa kitanda, saa nane ya usiku,
nauli ya bodaboda imekunjwa chini ya taa,
kadi ya kliniki, kanga safi, chupa ya maji,
wazazi wawili wenye akili timamu
tunaomba mtoto wetu achemke.

Anageuka. Anaomba maji.
Mhoja anakisogeza kipimajoto kwenye mwanga.
Thelathini na saba na nusu.
Bado.