Bahasha ya Kaki

Saa nane za usiku wake, saa tatu zangu,
umeme umekatika Kamalondo yote,
Kabange ananiandikia:
"Kyungu, ile hati yangu ya kuzaliwa, iko wapi?"
Hakuuliza hali. Nikajua anaumwa.

Ni kijiwe cha nyongo, anasema, si kikubwa.
Hospitali ya Chonburi ina lifti inayoongea,
na muuguzi anayeinama, viganja vimekutana kifuani,
kisha kwa adabu ileile
anataja kiasi cha kutanguliza.
Mshahara wa ualimu wa miezi mitano.

Kampuni ya bima haijakataa. Inauliza tu.
Pasipoti inasema themanini na moja.
Fomu aliijaza mwenyewe, kwa mkono wake,
akaandika ukweli: sabini na tisa.
"Bwana, ni yupi kati ya hawa wawili
aliyekuwa akitulipa?"

Sisi ni mapacha.
Mimi nilitangulia, ndiyo maana naitwa Kyungu;
yeye akafuata, mama hajameza hata mate.
Lakini Leta siku ile ilikuwa na usingizi,
ikaniandika mimi mwaka mmoja, yeye mwingine.
Kwa mujibu wa daftari la komine
mama yetu alikaa na uchungu miaka miwili.
Tulikuwa tukicheka jambo hili, tukila bukari.

Sasa anaandika vipande vipande, kama mtu anayefunga mizigo.
Kwamba kibali cha kazi kimefungwa kwenye shule
kama mbuzi kwenye kigingi:
shule ikimwachisha kazi kwa kulala kitandani mno,
viza nayo inakata roho.
Kwamba kila siku tisini anaripoti mahali anapolala,
na tarehe hiyo inaangukia wiki ya upasuaji.
Kwamba akaunti ni ya jina lake tu,
na Malee, aliyempikia uji miaka sita,
kwa benki ni mtu aliyepita njiani.
Halafu, bila nukta, bila kupumua:
"Nikifia huku msinirudishe, nimeuliza bei,
wanichome, majivu hayalipiwi sana"

Nilizima simu. Nikaiwasha.
Nikaandika: "Finkubala nilizokutumia zilifika?"
"Forodha walizitupa. Walidhani ni wadudu."
"Ni wadudu."
Akacheka, nadhani. Zilikuja herufi tatu.

Asubuhi niko komine, mvua inapiga mabati.
Karani Tshilombo, miwani imefungwa kwa uzi mweusi,
anafunua daftari kwa kidole kilicholowa mate.
"Kurekebisha mwaka, mama, ni mahakama,
kisha pasipoti mpya. Miezi.
Nyongo itasubiri?"
Haitasubiri.
"Basi tuache daftari liseme lilivyosema.
Nakutolea nakala. Wewe unaapa kwamba ni sahihi,
yeye anawaambia alikosea kujaza.
Ukweli wenu mtabaki nao nyumbani,
haudaiwi kodi."

Faranga za karatasi. Faranga za mhuri.
Faranga za yule anayejua ulipo mhuri.
Kisha kalamu, na mstari wenye vitone:
*uhusiano wako na mhusika.*

Mkono ulisimama hapo.
Kwetu pacha hazikwi kimyakimya,
hakatwi kutoka kwa mwenzake bila kuombwa radhi,
na mimi sikuwa na unga wa pemba mfukoni,
nilikuwa na kalamu ya buluu inayovuja.
Nikaandika: dada mkubwa.
Nimemzidi miaka miwili. Naapa.

Bahasha ya kaki imeondoka na mtu wa Kolwezi
anayepandia ndege Ndola.
Picha yake ilitangulia kwenye simu,
na bima imejibu: tumepokea, tunatazama.

"Na presha yako?" Kabange anauliza, mara ya kwanza wiki hii.
Namwambia iko sawa.
Vidonge viliisha Jumanne;
bei yake imekaa juu ya karatasi yake,
mviringo, zambarau, bado mbichi.

"Lala," namwandikia, "mdogo wangu."
Anakawia kujibu.
"Nani mdogo?"