Nani Anayepiga Nyundo

Baba alinipigia simu saa nne usiku,
mimi bado Chiromo, ghorofa ya pili,
jicho limegandia hadubini.
"Akeyo, umeona nini leo?"
Anapaza sauti, Ondiek wa masanduku:
miaka thelathini ya kukunja mabati Kamukunji,
masikio yakabaki kulekule.

Utando, nikamwambia.
"Ule wa juu ya maziwa?"
Mwembamba kuliko huo. Matabaka mawili ya mafuta,
vichwa vimeelekea majini,
mikia imejificha katikati.
Ni wa amiba niliyemteka mtoni hapo chini,
kwenye maji yale yanayonuka sabuni na dizeli.
Umetandazika kama shuka, kisha unabonyea
kama shavu la mtoto anayenyonya;
kishimo kinaota shingo,
shingo inakazwa,
na kifuko kinaelea ndani na funda lake la mto.
Tundu hakuna. Hata mshono.

Akanyamaza. Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni.
"Na nani anayepiga nyundo?"

Nikamjibu vibaya. Nishati, nikasema, protini,
maneno makavu ya kitabu,
mpaka stima ikapotea na simu ikazima.

Gizani nikakumbuka bomba lake kuukuu,
jinsi alivyolaza juu yake bati laini
akaliegemea kwa tumbo, polepole,
bati likafuata mgongo wa bomba.

Asubuhi nikampelekea jibu.
Nililipaza mara tatu katikati ya makelele:
kuna protini zilizozaliwa zimepinda, baba, kama ndizi.
Moja peke yake haifui dafu.
Zikija mia, zikabanana bega kwa bega,
utando unashika umbo lao.
Nyingine hupenyeza kichwa tu kwenye tabaka moja,
kama mchelewaji kanisani
anayejibana hadi benchi zima lisogee.
Nyundo haipo.

Akanitazama, misumari mitatu mdomoni.
Akaitoa.
"Basi hiyo si kazi," akasema. "Hiyo ni ndoa."

Akarudi kwenye sanduku la mtoto wa bweni,
kidole gumba cha kushoto hakina kucha,
na ndani ya ngozi ya kidole hicho
vifuko vikakatika, maelfu kwa maelfu,
bila kishindo.
Kona ya nne ikamgomea.
Akatema mate, akatafuta nyundo kubwa.